Gitaa la Umeme kwa Hedifoni: Jaribu Kabla ya Kulipa
Mpigaji wa Kigwa anayefanya mazoezi usiku bila kuwasumbua majirani huhitaji hedifoni. Hata hivyo, gitaa lenye sauti tamu kwenye spika huweza kukwaruza masikioni. Sababu ni kwamba spika ya gitaa hupunguza masafa ya juu yanayozidi takribani hezi 5,000, ilhali hedifoni huyapitisha. Hivyo, tunamshauri mlaji achague amplifaya inayoiga sauti ya spika ya gitaa hedifoni inapochomekwa. Kabla ya kulipa dukani Tabora mjini, aijaribu kwa gitaa na hedifoni zake mwenyewe, kisha adai risiti. Aanze na sauti ya chini: kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi.