Kumfundisha Karama: Riwaya ya Kusadikika katika Madarasa ya Bashay

Riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1951, inamhusu mtu aliyeshtakiwa kwa sababu ya elimu. Karama anafikishwa mbele ya Mfalme na baraza lake kwa kosa la kueneza elimu ya sheria, na mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Makala haya yanakusudia kuwasaidia walimu wanafunzi wanaojiandaa kufundisha riwaya hii katika shule kama zile za Bashay, wilayani Mbulu, ambako wanafunzi wengi husema Kiiraqw nyumbani.

Mwanafunzi aweza kuyakariri majina ya wajumbe sita, yaani Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, akafaulu mtihani, asijue kwa nini Karama aliwataja. Aidha, mwalimu anayesema peke yake kipindi kizima, na kumwita mkaidi yule anayeuliza, humfundisha Karama kwa desturi za Majivuno. Somo la namna hiyo hukikanusha kitabu chenyewe. Kwa hiyo tunapendekeza hatua tatu.

Kwanza, historia. Kusadikika ni nchi ya kubuniwa, iliyo angani. Lakini kitabu kilitolewa Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, miaka mitatu kabla ya TANU kuundwa tarehe 7 Julai 1954. Wahakiki wengi wamekisoma kama fumbo la utawala huo. Wanafunzi wa Mbulu wana mlango wao wa kuingilia: katika miaka hiyohiyo serikali ya kikoloni iliwataka wafugaji wa huko wapunguze mifugo yao. Wanafunzi na wawaulize wakongwe, au watoto waliosimuliwa na wakongwe hao: Amri ilifikaje? Nani aliweza kuijibu?

Pili, masimulizi. Darasa ligawanywe katika vikundi sita, kila kikundi kishughulike na mjumbe mmoja. Maswali yawe matatu tu: Alitumwa wapi? Alirudi na manufaa gani? Alilipwa nini? Majibu yakipangwa ubaoni, wanafunzi watagundua wenyewe kwamba kila aliyeleta heri alilipwa kifungo. Hapo ndipo watakapoona kwamba Karama hasimulii hadithi za kupoteza wakati. Anaishtaki serikali inayomshtaki.

Tatu, baraza. Wanafunzi wengi wa Bashay wanaijua slufay, dua ya Wairaqw ambamo mzee hunena na waliohudhuria huitikia. Mwalimu aulize: Katika baraza la Kusadikika nani huitikia, naye huitikia kwa ridhaa au kwa hofu? Swali hili litaufafanua udikteta kuliko fasili ndefu ya kunakili. Kisha baraza liigizwe darasani. Wale wanaosita kwa Kiswahili waruhusiwe kupanga hoja zao kwa Kiiraqw ndani ya kikundi, ndipo wasimame kuzitoa kwa Kiswahili.

Mwisho wa riwaya huleta swali gumu, nalo lisirukwe. Karama anashinda, wajumbe wanafunguliwa, lakini Mfalme anabaki katika kiti chake. Je, haki itolewayo kwa hisani ya mtawala ni haki kamili? Wako wahakiki waliomwona Shaaban Robert kuwa mdhanifu, aliyetegemea mno wema wa wenye nguvu. Wengine wataona kwamba, kwa mwaka 1951, kumpa mshtakiwa nafasi ya kusema kulikuwa ushujaa mkubwa.

Hatuna budi kuliacha swali hilo wazi. Mwalimu apime ushahidi uliotolewa, wala asipime kama mwanafunzi amekubaliana naye. Anayempinga mwalimu kwa hoja zilizotoka kitabuni apewe alama zake zote. Akinyimwa, wenzake watakuwa wamejifunza siku hiyo kwamba kunyamaza kuna faida, na Majivuno atakuwa ameshinda kesi.