Hesabu Humlinda Mbebaji

Somo la vikundi vya nyumbani. Andiko la msingi: Ezra 8:21–34



Wiki mbili zilizopita kijana mmoja anayesomea uuguzi alinisimamisha pale mlangoni baada ya ibada ya kwanza. "Pasta, wamenichagua mweka hazina wa vijana, na mimi mambo ya biashara sijasoma. Niombee tu." Nilimwombea. Halafu nikamwambia aje Jumatano na daftari. Nilichomfundisha ndicho hiki, kwa sababu najua si yeye peke yake. Humu ndani kuna waweka hazina wa chama, wa mazishi, wa kikundi cha kina mama, na karibu wote walichaguliwa kwa uaminifu wao. Hakuna aliyeulizwa kama anajua kuandika hesabu.

Tuanze na Ezra. Anatoka Babeli kwenda Yerusalemu na mali ya hekalu, na njiani kuna wavamizi. Anaona haya kumwomba mfalme askari, maana ameshamwambia kwamba mkono wa Mungu uko pamoja na wamtafutao. Basi anatangaza mfungo kando ya mto Ahava. Hapo sisi Wapentekoste tunapiga makofi. Huyo ni mtu wa imani! Lakini tukifika mstari wa 24 tunaruka haraka, tunataka kusikia walivyofika salama.

Msiruke. Mtu yuleyule aliyekataa askari anachukua mizani. Anawatenga wakuu wa makuhani kumi na wawili na kuwapimia kila kitu: fedha talanta 650, vyombo vya fedha talanta 100, dhahabu talanta 100. Wanasafiri karibu miezi minne. Wakifika wanakaa siku tatu, na siku ya nne kila kitu kinapimwa tena mbele ya watu wanne waliotajwa kwa majina, kwa hesabu na kwa uzani, kisha uzani wote unaandikwa.

Je, Ezra alikuwa na shaka na wale makuhani? Hapana, amewaambia wazi kwamba wao ni watakatifu. Hebu fikiria kama hangepima kule mwanzo. Wanafika Yerusalemu, mtu mmoja kwenye umati anasema, "Mbona naona kama ilikuwa nyingi zaidi?" Wangemjibu nini? Mizani ile iliwekwa kwa ajili ya wale kumi na wawili.

Hii mambo niliiona kwa macho yangu katika kanisa nililohudumu kabla ya kuja Machakos. Dada mmoja, mweka hazina wa kamati ya mazishi, alipokea michango kwa simu yake mwenyewe, simu ileile aliyouzia mboga. Orodha ya michango ilisema shilingi 86,300. Risiti alizoleta zilikuwa za 71,700. Kasoro 14,600. Hakuna aliyesema "mwizi" kwenye kikao, lakini nje watu walisema. Jumapili ya tatu hakuja.

Mimi nilikuwa kwenye hicho kikao, na digrii yangu ya biashara, na nilinyamaza. Nilijiambia si wakati wake. Baadaye moyo ulinisumbua nikaenda kwake, tukaomba taarifa ya M-Pesa ya mwezi ule, tukaipitia mstari kwa mstari jioni tatu. Lori la viti na tenti, 8,000, alilipa taslimu na dereva hakutoa risiti. Tulimpigia, akakubali alipokea. Unga na mafuta, 3,850, vilinunuliwa usiku kutoka kwa duka la jirani. Ada za kutoa na kutuma pesa, 1,120. Na mchango mmoja wa 1,500 ulikuwa ahadi tu, uliandikwa kwenye orodha na haujawahi kufika. Jumla 14,470. Zile 130 zilizobaki hatujazipata mpaka leo.

Niliisoma hiyo karatasi mbele ya kamati. Waliomba msamaha. Yeye alisamehe, lakini kurudi hakurudi. Anaabudu kwingine.

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe. Nimekaa chuoni miaka minne na nawaambia ukweli: hesabu anayohitaji mweka hazina au mwenye kibanda ni somo la wiki ya kwanza. Kutoa na kujumlisha, basi. Kinachowashinda watu ni kutofautisha vitu vinavyofanana.

Tuchukue mama wa nyanya. Anaanza wiki na mtaji wa shilingi 10,000, wake mwenyewe. Ananunua kreti mbili kwa 4,500 kila moja, ni 9,000. Usafiri 600. Ushuru wa soko 50 kwa siku, siku sita, ni 300. Kufikia Jumamosi nyanya zimeisha. Ameuza za 12,400, lakini katika hizo 1,500 ni za wateja waliochukua kwa deni. Katikati ya wiki alitoa 1,800 akanunua unga na kulipa pesa ya masomo ya mtoto. Jumamosi jioni anahesabu pochi: 9,200. Anashika kichwa. "Nilianza na elfu kumi, biashara imenikula!"

Imemla kweli? Mauzo 12,400, toa nyanya 9,000, toa usafiri na ushuru 900. Faida ni 2,500. Wiki ilikuwa nzuri. Pesa ziko mahali patatu: 9,200 kwa pochi, 1,500 kwa wateja, na 1,800 zimeliwa nyumbani. Ukijumlisha pochi na madeni unapata 10,700, na ni sawa na mtaji 10,000 ukiongeza faida 2,500 na kutoa 1,800 alizokula. Pande mbili zinakutana. Zikikataa kukutana, kuna kitu hakikuandikwa. Njia hiyo ya kuandika kila kitu pande mbili ilichapishwa kitabuni Venice mwaka 1494 na Luca Pacioli, na huyo alikuwa mtawa wa Kifransisko. Kwa hivyo asikwambie mtu kwamba hesabu ni ya watu wa dunia.

Mauzo si faida. Na faida si pesa iliyo mkononi. Kuna anayehesabu pochi iliyojaa na kusema Mungu amefungua milango, kumbe nusu yake ni ya aliyemletea mzigo kwa mkopo.

Hapo ndipo lile swali mnaloniuliza kwa kunong'ona: zaka natoa kwa mauzo au kwa faida? Mchungaji mkuu amesoma ukurasa huu kabla haujachapwa, kwa hivyo nasema bila woga. Kumbukumbu la Torati 14:22 inazungumzia mazao yaliyotoka shambani. Zile 9,000 hazikuwa mazao, zilikuwa mbegu. Mama yule akitoa fungu la kumi la mauzo anatoa 1,240, karibu nusu ya faida yake, na baada ya miezi michache mtaji umeisha na sisi tulikuwa tunamshangilia. Fungu la kumi la faida ni 250. Akiguswa kutoa zaidi, hiyo ni sadaka, atoe kwa furaha akijua anachofanya.

Kwa waweka hazina wa vikundi, nawasihi jambo moja kuliko yote: pesa ya watu isikae kwa laini unayotumia wewe. Tafuta laini nyingine, au akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu. Ahadi ziandikwe ukurasa wake na pesa iliyofika ukurasa wake. Asiyetoa risiti, mwandikie wewe kikaratasi, atie sahihi na namba ya simu. Na mtu wa pili ahesabu pamoja nawe siku hiyohiyo, kama wale wanne wa Yerusalemu. Wazee wetu kwenye mwethya hawakuhitaji daftari, kwa sababu kila mtu aliona mtaro aliochimba mwenzake. Pesa ya simu haionekani hivyo.

Na sisi wengine tukiona kasoro kwenye kikao, tuombe taarifa ya simu kabla ya kuomba maelezo ya mtu.

Maswali ya kikundi: Je, kikundi chenu kina mtu wa pili anayehesabu? Nani? Ukitoa madeni ya watu na pesa ya mzigo, pochi yako leo ina shilingi ngapi zako?

Jumatano baada ya maombi, saa kumi na mbili na nusu jioni, njoo na daftari, kalamu, na taarifa ya M-Pesa ya mwezi uliopita. Kijana wetu wa uuguzi ndiye atakayefundisha ule mfano wa nyanya. Mimi nitakaa nyuma.