Programu Inapokataa Kuundika

Fundi wa jahazi akiona maji yanapenya, hang'oi mbao zote. Hutafuta ule ubao wenye ufa. Programu nayo ni vivyo hivyo.

Kompaila huyageuza maandishi yako yawe lugha ya mashine. Ikikwama, skrini hujaa makosa hadi mtu akakata tamaa. Hebu tulia, ufuate haya:

1. Soma kosa la kwanza, si la mwisho. Katika lugha ya C, ukisahau nukta-mkato moja tu, kompaila yaweza kukutajia mstari unaofuata, maana hapo ndipo ilipogundua pengo. Basi tazama na mstari wa juu yake.

2. Kagua majina ya faili. Kwenye Linux, "Alama" na "alama" ni faili mbili mbalimbali.

3. Badilisha jambo moja, kisha jaribu tena. Ukibadilisha matatu kwa mpigo, hutajua lipi lililoponya.

4. Andika daftarini: tarehe, kosa na dawa yake.

Hili la nne twalipuuza sana. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II, Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo ndani ya mtambo. Walimbandika kwenye daftari lao la kazi, na kumbukumbu hiyo ipo hadi leo.

Mradi wa KCSE haungoji mtu. Kosa uliloliponya jana, mdogo wako atalikuta kesho. Mwachie daftari maabarani, la sivyo maarifa yako utaondoka nayo ukimaliza Kidato cha Nne.