"Karma Yake Hiyo!"

Juzi rafiki yangu alifeli mtihani, nami nikaropoka, "Karma hiyo!" Akalia. Niliona aibu, nikaanza kusoma.

Kumbe karma ni neno la Kisanskriti, maana yake "tendo". Kwa Wahindu, tendo huzaa matunda hata katika maisha yajayo. Kwa Wajaini, karma ni kama vumbi laini linaloganda kwenye nafsi. Buddha alikazia nia, tena alikataa kwamba maumivu yote yanatokana na matendo ya zamani. Yesu naye, mbele ya yule kipofu tangu kuzaliwa (Yn 9), hakutafuta wa kulaumiwa.

Nimeshamwomba rafiki yangu msamaha. Wewe je, nani anakusubiri?