SOMO: SEHEMU ZILIZO NJE YA MKATABA KATIKA RAMANI YA JENGO LA CHAMA

Chama cha ushirika kinapoamua kujenga, wanachama huuliza kwanza ni kitu gani kitakachojengwa. Swali la pili, ambalo husahauliwa mara nyingi, ni kitu gani kisichoguswa. Jibu la swali hilo lisipoandikwa katika ramani, fedha za wanachama zimo hatarini.

Mfano

Ichukuliwe kwamba chama cha wavuvi na wakaushaji wa dagaa karibu na Ujiji kina ghala la zamani la mita 10 kwa mita 8. Mkutano Mkuu umeidhinisha ofisi na chumba cha mizani ubavuni mwa ghala hilo. Ghala lenyewe halitaguswa, wala ufukwe ulio mbele yake.

Msanifu huchora vyote, kwa kuwa jengo jipya halieleweki bila kuonyesha yaliyo kandokando yake. Mkandarasi mmoja anaiona sakafu ya ghala na kuitia katika bei yake, mwingine anaiacha. Ikiwa kusakafia mita moja ya mraba ni shilingi 30,000, mita 80 za mraba ni shilingi 2,400,000, kwa kazi ambayo hakuna aliyeiagiza. Zaidi ya hayo, bei za wakandarasi hao wawili haziwezi kulinganishwa kwa haki.

Alama zitumikazo

Sehemu isiyohusika hufunikwa kwa mistari ya mshazari, mpaka wake huzungushiwa mstari mzito wa vipande, na ndani huandikwa NJE YA MKATABA. Alama hiyo huelezwa pembeni mwa karatasi. Rangi peke yake haifai, kwa sababu nakala ikitolewa kwa wino mweusi rangi hupotea.

Ifahamike pia kwamba "ya zamani" si sawa na "nje ya mkataba". Ukuta wa zamani utakaotobolewa mlango umo ndani ya mkataba.

Ramani za kompyuta

Siku hizi wasanifu hutumia programu kama Revit na Archicad. Humo jengo zima huundwa ndani ya kompyuta, na ramani ya sakafu, ya paa na ya mikato hutolewa kutoka jengo hilo moja. Ukuta ukisogezwa, husogea katika karatasi zote.

Alama ya kufunikia haifuati kanuni hiyo. Katika Revit, mistari ya mshazari iliyochorwa juu ya ramani ya sakafu hubaki katika ramani hiyo tu. Haitokei katika ramani ya paa wala katika mkato. Karatasi ya kwanza yaweza kuwa sahihi kabisa, na ya tano ikaonyesha paa la ghala kana kwamba nalo litaezekwa upya.

Ufukwe wa ziwa

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Nayo maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2020 na baadaye, watu wa pwani walijionea sababu yake. Mpaka wa mita 60 uchorwe, na ukanda wote ulio upande wa maji utiwe alama.

Wajibu wa Katibu

1. Kulinganisha azimio la Mkutano Mkuu, ramani, na orodha ya vipimo na bei. Yote matatu yaseme neno moja.
2. Kufunua karatasi moja moja na kuhakikisha kila moja ina alama.
3. Kuhakikisha imeandikwa ni nani atakayeziba paa na ukuta pale jengo jipya linapoungana na la zamani.
4. Ramani ikibadilishwa, kudai toleo lenye namba na tarehe mpya, na kuandika IMEFUTWA juu ya nakala za zamani.
5. Kuifikisha ramani mbele ya Bodi kabla mkataba haujatiwa saini.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na ramani ni daftari la jengo.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini msanifu huchora hata sehemu zisizojengwa?
2. Alama imo katika ramani ya sakafu, lakini haimo katika ramani ya paa. Chama chaweza kupata hasara gani?
3. Je, ramani za jengo la chama chenu zinalingana na azimio la Mkutano Mkuu?