Mwenye Kuvukuta Naye Ale

Wazee wetu walisema: mwana wa mhunzi, asiposana, huvukuta. Mtoto aliyezaliwa penye kiwanda cha chuma hakuanza kwa kushika nyundo. Alianza kwa mivukuto, akiuamsha moto, huku macho yake yakifuata mkono wa baba yake, mpaka siku ile alipoonekana ameiva akapewa chuma chake mwenyewe. Lakini liko neno ambalo methali haikulitaja, kwa sababu kila mtu alilijua. Jioni, chungu kilipoepuliwa, mwenye kusana na mwenye kuvukuta walikula pamoja. Hatujapata kusikia mhunzi aliyemwambia mwanawe, "Wewe wajifunza tu, nenda ukale kwa jirani."

Leo twapenda kulitazama jambo la vijana wetu wa vyuo vikuu, wa shahada ya kwanza na wa shahada ya pili, ambao hupelekwa maofisini, viwandani, mashuleni na hospitalini ili wajifunze kazi kwa mikono yao. Je, yapasa walipwe? Na zaidi ya malipo, wafundishwe nini? Maswali haya si ya vijana peke yao. Ni ya wazazi wanaowatumia nauli, ya wakuu wa ofisi wanaowapokea, na ya kila mgonjwa anayetibiwa na daktari aliye katika mwaka wake wa kwanza wa kazi.

Mafunzo ya namna tatu

Kwanza yafaa tutenganishe mambo, maana watu wengi huyachanganya. Namna ya kwanza ni mazoezi yaliyo sehemu ya masomo. Mwanafunzi huondoka chuoni kwa majuma kadhaa, akaenda kukaa katika ofisi au shamba au maabara, kisha hurudi na kuandika ripoti, akapewa maksi. Namna ya pili ni utarajali, yaani mwaka ambao taaluma fulani huutaka kabla ya kumpa mtu leseni. Daktari tarajali amekwisha kufaulu mitihani yake. Lakini hawezi kusimama peke yake mpaka atumike mwaka mzima katika hospitali iliyokubaliwa, chini ya uangalizi. Namna ya tatu ni ya wale waliokwisha kupata shahada, wakaingia mahali kwa miezi sita au kumi na miwili ili wapate uzoefu, kwa sababu kila tangazo la kazi ladai uzoefu ambao hakuna anayekubali kuwapa.

Haki za hawa watatu si sawasawa. Aliyekuja kwa majuma manane na hajui bado kutofautisha daftari hili na lile, hawezi kudai kama yule anayekesha wodini akiwahudumia wagonjwa. Lakini wote watatu wana tumbo, wana kodi ya chumba, na wana nauli ya kila siku.

Anayekopa ili afanye kazi

Tuanzie hapa Tanzania. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutoa pamoja na mikopo mingine mkopo wa mafunzo kwa vitendo. Miongozo yake kwa miaka mingi imeweka kiasi kisichozidi Sh. 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56. Hesabu yake ni Sh. 560,000. Twaishukuru Bodi, maana bila fedha hizo wengi wasingefika hata mlangoni pa ofisi. Lakini msomaji na atazame vizuri: fedha hizo si ujira. Ni deni. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mkopaji aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe.

Basi, kijana aliyekaa mapokezi mwezi mzima akijibu simu, akipanga majalada, akiingiza hesabu katika kompyuta, alikopa fedha ili afanye kazi hiyo, na atazilipa yeye. Ofisi ilipata mtu. Kijana alipata deni. Na huyu ndiye mwenye bahati. Yule ambaye hakupewa mkopo, na yule wa shahada ya pili ambaye mara nyingi hujilipia kila kitu, humtazama mama yake aliye sokoni au kaka yake mwenye familia ya kulisha.

Yaliyotokea hospitalini

Katika utarajali wa madaktari jambo hili limekwisha kuleta msiba mara zaidi ya moja. Januari 2012 madaktari tarajali wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili waliacha kazi kwa sababu ya posho zilizochelewa. Wakaondolewa pale, madaktari wengine wakasimama upande wao, na neno lililoanza kama malalamiko ya vijana juu ya posho likawa mgomo ulioenea na kulitikisa taifa.

Huko Kenya, mgomo wa madaktari ulioanza Disemba 2016 ulidumu siku 100, na mwaka 2017 ukatiwa sahihi mkataba wa pamoja ambao ulimpa daktari tarajali Sh. 206,000 hivi za Kenya kwa mwezi. Mwaka 2024 Serikali ilisema haina fedha hizo, ikataka kulipa Sh. 70,000. Neno hili, pamoja na madai mengine, liliwatoa madaktari kazini tangu katikati ya Machi hadi tarehe 8 Mei, siku 56. Hata waliporudi, shauri la tarajali lilibaki halijaamuliwa, mpaka Disemba 2024 pande mbili zilipopatana kwamba walipwe kwa kadiri ya mkataba wa 2017.

Hatusemi kwamba mgomo hospitalini ni jambo jema. Walioumia zaidi ni wagonjwa, na hao hawakuwa na sahihi yao katika mkataba wowote. Lakini tujifunze hili: wodi zilipokosa madaktari tarajali, kila mtu aliona pengo. Sasa, mtu ambaye akiondoka pengo lake laonekana na nchi nzima, twawezaje kusema kwamba hafanyi kazi, bali ajifunza tu?

"Lakini tunamsaidia"

Mkuu wa ofisi atatujibu: "Kijana huyu hajui kitu. Afisa wangu hupoteza muda kumfundisha. Tena aliomba mwenyewe, na alikubali kuja bure." Jibu hili si la kudharauliwa, tulipime kwa haki.

Mwaka 1947 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la kampuni moja ya reli. Kampuni hiyo ilikuwa ikiwafundisha watu kazi ya breki za treni kwa siku saba au nane kabla ya kuwaajiri. Waliojifunza hawakuchukua nafasi ya mfanya kazi yeyote, nao waliichelewesha kazi kuliko kuisaidia. Mahakama ikasema hao si waajiriwa. Naam, twakubali. Mkuu wa ofisi ambaye kweli hutoa zaidi kuliko anavyopata, hana lawama.

Lakini mwaka 2011 vijana wawili wa Marekani walishtaki kampuni ya sinema, kwa kuwa walitumwa kuleta chakula, kupika kahawa na kutoa taka pasipo malipo. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ilisema swali la kuulizwa ni hili: ni nani apataye faida kubwa zaidi, kijana au kampuni? Tena ikataja mambo ya kutazamwa: je, mafunzo yalingana na yale ya shuleni? Yaenda pamoja na ratiba ya masomo? Yadumu muda ule tu ambao mtu bado ajifunza? Na kazi ya kijana yaongeza kazi ya wenye mishahara, au yaondoa mmoja wao?

Sheria yetu nayo si bubu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, yasema mtu hudhaniwa kuwa mwajiriwa ikiwa moja tu kati ya mambo kadhaa lapatikana: saa zake za kazi zaamriwa na mwingine, yeye ni sehemu ya shirika lile, amemtumikia mtu huyo kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au apewa vyombo vya kazi na mwingine. Mwajiri aweza kuthibitisha kinyume chake. Lakini mzigo wa kuthibitisha wakaa mabegani mwake, si mwa kijana.

Na kuhusu neno lile, "alikubali mwenyewe," Papa Leo XIII alilijibu mwaka 1891 alipoandika juu ya hali ya wafanya kazi. Alifundisha kwamba mapatano peke yake hayaufanyi ujira uwe wa haki, ikiwa mmoja amekubali kwa kubanwa na shida. Kijana ambaye hatapata cheti bila mazoezi, na hatapata kazi bila uzoefu, hakukubali kwa uhuru. Alikubali kwa sababu mlango ulikuwa mmoja.

Mlango wa wenye nacho

Liko dhara jingine lisiloonekana upesi. Nafasi isiyolipwa huwachagua watu kabla ya mtihani kuanza. Kwa miaka mingi Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa imewapokea wanafunzi wa shahada za juu pasipo kuwalipa, hata katika ofisi zake za Nairobi. Basi, kijana wa Nairobi mwenye wazazi wa kumtunza aliweza kwenda. Yule wa Turkana au wa Kigoma, hata akimshinda kwa akili, alihitaji kwanza mtu wa kumlipia chumba. Mwaka 2015 dunia ilisikia habari za kijana mmoja aliyelala hemani Geneva huku akifanya mazoezi ya kazi pasipo malipo katika shirika hilo kubwa.

Wengine wamekwisha kujirekebisha. Shirika la Afya Duniani lilianza kuwapa posho vijana wake mwaka 2020, na Ikulu ya Marekani ilianza kuwalipa wake mwaka 2022. Ikiwa nyumba kubwa hizo zilichelewa hivyo, tusijifanye kwamba jambo hili ni rahisi. Lakini tusiseme pia kwamba haliwezekani.

Fedha peke yake haitoshi

Hata hivyo tusikosee kwa upande wa pili. Kijana aweza kulipwa vizuri, akatoka baada ya mwaka hana alilojifunza ila njia ya kwenda kununua chai. Huyo naye ameibiwa, ijapokuwa mfuko wake hauko mtupu.

Tunao mfano mzuri hapa nyumbani. Tangu mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi imekuwa na mpango wa miaka mitatu kwa wahandisi waliomaliza chuo. Mhitimu huwekwa chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Kazi zake huandikwa katika daftari. Ripoti zake husomwa. Na mwisho wake ni kusajiliwa awe mhandisi kamili. Norway ilitoa msaada ili wahandisi wanawake nao wapate nafasi. Hapo kijana ana mwalimu mwenye jina, ana njia iliyoandikwa, na ajua aendako. Hayo matatu hayahitaji utajiri mwingi. Yahitaji utaratibu.

La kufanya

Wakuu wa ofisi twawaomba haya. Msipokee vijana kumi ikiwa mwaweza kufundisha wawili. Kila mmoja apewe mtu mmoja wa kumwongoza, na karatasi inayoonyesha atajifunza nini na lini. Yule wa majuma machache apewe walau nauli na chakula cha mchana. Yule afanyaye kazi ya mtu mzima apewe posho, tena kwa wakati. Posho iliyocheleweshwa miezi mitatu humrudisha kijana kwa mkopeshaji wa mtaani.

Vyuo visiwaache vijana wakazunguke mjini na barua mkononi kama watu wanaotafuta sadaka. Mhadhiri aende akaone, tena asiende siku ya mwisho tu kutia sahihi.

Nanyi vijana, msiuweke wajibu nyuma ya haki. Fika mapema. Uliza. Andika kila siku ulichofanya, maana daftari hilo ndilo shahidi wako kwa mwajiri wa kesho. Kazi ndogo usiidharau, maana kuvukuta nako ni kazi; lakini ukiona miezi yapita nawe hujasogezwa karibu na nyundo, sema kwa adabu, na uwaambie walimu wako.

Wala sisi wa magazeti hatujitoi katika hesabu hii. Vijana wa mazoezi hupita katika vyumba vyetu pia. Habari zao huchapwa, na jioni hurudi kwao kwa miguu. Tuliyoyaandika hapa tumeyaandika kwanza kwa ajili yetu wenyewe.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haya, tumewapa vijana jembe, nao wamelishika. Lakini mwenye kulima katika shamba la mtu haondoki jioni kwenda kutafuta chakula kwa jirani. Hivyo ndivyo mhunzi alivyomlea mwanawe, na ndiyo maana chuma hakikukosa mtu wa kukisana.