MAKOMBO YA MWAMBA: Somo Kuhusu Udongo wa Mfinyanzi wenye Mawe Kwenye Vilima vya Chokaa

Kurasa za chama chetu aghalabu hujaa ngeli, methali na mashairi, na ni vyema iwe hivyo. Lakini wapo wenzetu wapendao kusema ati Kiswahili ni lugha ya hadithi tu, na kwamba ukifika kwenye Jiografia huna budi kukiweka kando. Somo hili ni jibu lao. Leo tutauchunguza udongo wenye tabia za ajabu: mfinyanzi uliochanganyika na mawe, unaopatikana kwenye miteremko ya vilima vya chokaa.

Mfano wetu ni vilima vya Kambe na Jibana katika Kaunti ya Kilifi. Anayesafiri kutoka Mazeras kwenda Kaloleni hupita katika sehemu hizo. Tusichanganye chokaa ya huko na yale mawe ya matumbawe yanayojengewa nyumba Mombasa na Malindi. Matumbawe ya ufuoni ni machanga. Mengi yana umri wa kiasi cha miaka 125,000. Chokaa ya Kambe ni kikongwe. Ilijijenga chini ya maji zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita, wakati Afrika na Madagaska zilipokuwa zinaachana na bahari ikaingia katikati. Ndiyo sababu ndani ya mawe hayo, juu kilimani na mbali na ufuo, huonekana mabaki ya viumbe wa baharini.

1. UDONGO HUU HUTOKA WAPI?

Maji ya mvua hufyonza hewa ya kaboni dioksaidi kutoka angani, na kwa wingi zaidi kutoka ndani ya udongo, ambamo mizizi na vijidudu hupumua. Maji hayo hugeuka asidi dhaifu. Ni dhaifu sana, hata ukiyanywa huonji ukali wowote. Lakini mwamba wa chokaa hauyawezi. Polepole huyeyuka na kuchukuliwa na maji. Ukitaka ushahidi, tazama ndani ya birika linalochemshiwa maji ya kisima kwenye sehemu za chokaa. Ule ukoko mweupe ni mwamba uliosafiri ndani ya maji. Sabuni nayo, ukifulia maji hayo, hukataa kutoa povu.

Je, mwamba ukiyeyuka hubaki nini? Hubaki kile kilichoyashinda maji: chembe za mfinyanzi, mchanga kidogo na madini ya chuma. Chuma kikipata hewa hushika kutu, ndipo udongo ukawa mwekundu. Upepo huongeza vumbi na majani yaliyooza huongeza mboji. Basi sehemu kubwa ya udongo huu ni makombo: mvua imeula mwamba, ikaacha kilichoishinda.

Hebu tupige hesabu. Tuchukue mwamba ambao asilimia 95 yake huyeyuka na asilimia 5 hubaki. Mita moja ya ujazo ya mwamba huo ina uzito wa kilo 2,600 hivi. Kitakachobaki ni kilo 130. Zitandaze juu ya mita moja ya mraba, utapata udongo wa kina cha sentimita 10 tu. Yaani mwamba wenye kimo cha mtoto wa chekechea hutoa udongo usiozidi upana wa kiganja!

Na mwamba hauna haraka. Kwa kawaida chokaa hupungua sentimita chache kwa kila miaka 1,000. Tukisema ni sentimita 5, basi hiyo mita moja itachukua miaka 20,000 kuyeyuka. Gawanya mwenyewe: kila milimita moja ya udongo huu ni kazi ya miaka 200. Ishike tarakimu hiyo, tutairudia.

2. SIFA ZA UDONGO HUU

(a) Kina chake ni kifupi na hakilingani. Katika uainishaji wa kimataifa, udongo ambao mwamba wake mgumu uko ndani ya sentimita 25 kutoka juu huitwa leptosoli, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Lakini mwamba wa chokaa umejaa nyufa na vishimo kama jino bovu. Hapa jembe linagonga jiwe kwa sentimita 5. Hatua moja kando, linazama mpaka kwenye mpini. Ndiyo maana katika shamba moja utaona mahindi haya yamenawiri na yale ya jirani yamedumaa, ilhali mbegu ni moja na siku ya kupanda ni moja.

(b) Una mawe mengi, madogo kwa makubwa. Wakulima wa Poland waliuita udongo wao wa namna hii rendzina, neno linalosemekana kutokana na kelele za plau ikikwaruza mawe.

(c) Chembe zake ni za mfinyanzi. Lowesha kidogo, usokote mkononi. Utapata uzi mrefu usiokatika upesi. Ukilowa hunata kwenye viatu, ukikauka huwa mgumu kama tofali.

(d) Aghalabu si wa asidi. Mahali penye vipande vya chokaa, kipimo cha pH huwa kati ya 7 na 8.3. Dondoshea siki juu ya kipande cha mwamba uone povu. Kalsiamu ni tele, lakini chuma, zinki na fosforasi hushikwa kwa nguvu, mimea isivipate kwa urahisi. Jani changa likiwa la manjano huku mishipa yake ni ya kijani, mmea unalilia chuma. Ajabu, sivyo? Udongo ni mwekundu kwa chuma, na mmea unakikosa!

(e) Hubadilika kadiri unavyoteremka. Kileleni majabali yako wazi. Katikati ya mteremko udongo ni mwembamba, mwekundu na wenye mawe. Chini bondeni ni mzito, mweusi zaidi, na hupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Wa chini umeneemeka kwa kilichomponyoka wa juu.

(f) Maji hayakai juu. Huingia kwenye nyufa na mapango, yakatokea mbali kama chemchemi. Wenyeji wa Tanga wanayajua mapango ya Amboni, ambayo nayo yamechongwa na maji ndani ya chokaa ya zamani. Hili lina hatari yake. Maji yapitayo kwenye ufa hayachujwi na udongo, kwa hiyo choo cha shimo kilichochimbwa juu ya mwamba kinaweza kuchafua chemchemi iliyo mbali.

3. MBONA MAHINDI HUNYAUKA UPESI?

Watu huona udongo mwekundu wakadhani una rutuba isiyokwisha. Masika yakianza vizuri, shamba hupendeza. Zikipita siku chache bila mvua, mahindi yanajikunja. Wengine husema mbegu ni mbaya, wengine husema kuna kijicho. Jibu liko chini ya miguu.

Chukua udongo wa kina cha sentimita 30 ambao asilimia 60 yake ni mawe. Udongo wenyewe hapo ni sentimita 12 tu. Kila sentimita 10 za mfinyanzi huweza kuupa mmea maji ya kiasi cha milimita 15. Jumla ni milimita 18. Mahindi yanapotoa maua hunywa takriban milimita 5 kwa siku. Akiba hiyo ni ya siku tatu na nusu! Kwenye udongo wa kina cha mita moja usio na mawe, akiba ni ya mwezi mzima. Mti, kwa upande wake, hutia mizizi ndani ya nyufa za mwamba na kunywa huko chini. Kwa hivyo vilima hivi havikatai kulimwa. Vinachagua tu cha kupandwa.

4. MKULIMA AFANYE NINI?

Kwanza, asiyatupe mawe yote. Mawe yaliyolala juu huzuia jua lisikaushe udongo na matone yasiupige kwa nguvu. Makubwa yapangwe safu kwa safu kukingama mteremko, yazuie udongo unaoteremka.

Pili, asinunue chokaa. Wakulima wa sehemu za bara zenye udongo wa asidi huihitaji, lakini kuipeleka Kambe ni kumwaga maji baharini. Mboleo na samadi vina faida zaidi. Na mbolea ya yurea ifukiwe, kwa maana ikiachwa juu ya udongo wa alikali, naitrojeni yake hupeperuka hewani.

Tatu, achanganye mimea. Mbaazi na miti ya matunda kwenye mteremko, mahindi kwenye vishimo vyenye kina na kule chini. Matandazo yasikosekane.

Nne, na hili ndilo kubwa, kilele kibaki na miti yake.

5. HASARA ISIYOLIPIKA

Turudi kwenye ile tarakimu. Mvua moja kubwa ya masika, ikiukuta mteremko uliofyekwa ukawa uchi, inaweza kuondoa milimita moja ya udongo. Kwa macho huoni tofauti. Utaona tu maji mekundu mtaroni. Lakini jioni hiyo moja imechukua kazi ya miaka 200, na katika hekta moja umeondoka udongo wa zaidi ya tani 10. Kwenye mwamba wa aina nyingine, sehemu kubwa ya mwamba wenyewe huweza kuchakaa kuwa udongo. Hapa sivyo. Makombo yakiliwa, hakuna sufuria nyingine jikoni.

Si vitisho hivi. Katika mkoa wa Guizhou, kusini-magharibi mwa Uchina, miteremko mingi ya chokaa ilikatwa miti ikalimwa, udongo ukaenda na maji, yakabaki majabali. Wachina huiita hali hiyo jangwa la mawe. Na kumbuka, Guizhou hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka! Ni jangwa chini ya mvua, kwa kuwa hakuna udongo wa kuyapokea maji.

Kwetu sisi, vilele kadhaa vimeponea katika misitu ya kaya. Wazee wa Mijikenda walikataza kukata miti humo kwa heshima ya ibada na mababu. Mwaka wa 2008, baadhi ya misitu hiyo, ikiwemo Kaya Kambe na Kaya Jibana, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Huenda wazee hawakuijua pH, lakini mwiko wao umehifadhi udongo ambao hesabu zetu haziwezi kuurudisha. Nje ya kaya mwiko huo haufiki, na huko ndiko kwenye mashamba yetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Hapa, jamani, hata udongo wa kujengea huo ukuta hautakuwepo.

MASWALI YA MARUDIO

1. Eleza kwa nini udongo huu umeitwa makombo ya mwamba.
2. Mwamba una asilimia 10 ya vitu visivyoyeyuka. Kwa kutumia mfano wa sehemu ya 1, mita moja ya mwamba huo itatoa udongo wa kina gani?
3. Udongo una kina cha sentimita 40 na nusu yake ni mawe. Mahindi yatadumu siku ngapi bila mvua?
4. "Udongo mwekundu una chuma, kwa hiyo mimea haiwezi kukikosa." Jadili.
5. Tembelea mteremko ulio karibu na kwenu mvua inaponyesha. Maji yanayoteremka yana rangi gani, na yanatoka kwa nani?